Mvua Jumatano, jalidi Ijumaa

Louisville, Kentucky
Jumatatu usiku, Aprili

Ndugu yangu Lutengano,

Kamwene! Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya kicheko cha Mama kinachosikika kwa mbali. Unaniuliza imekuwaje mtu aliyezaliwa Makete, aliyekwenda shule pekupeku juu ya nyasi zilizoganda, leo aogope baridi ya Aprili. Na Mama anauliza zile mbegu za maboga alizonifungia kwenye kitambaa zimeota au nimezitafuna njiani. Hazijaota, na sijazitafuna. Ngoja nikupe hali ya wiki hii hapa kwenye shamba la matunda, utanielewa.

Utabiri uko hivi. Kesho mchana ni joto, nyuzi 22, vijana watatoka na kaptula. Usiku wake mvua inaingia kutoka magharibi, na Jumatano itanyesha kutwa pamoja na radi. Alhamisi upepo unageuka na kuanza kutoka upande wa Kanada, na kati ya huko na hapa hakuna mlima wa kuuzuia. Ijumaa mawingu yanatawanyika. Usiku wa kuamkia Jumamosi upepo unalala, nyota zote zinatoka, na kipimajoto kinashuka hadi nyuzi 3 chini ya sifuri. Usiku mzuri wa kukaa nje na kahawa, kama huna shamba.

Hili wewe unalijua. Usiku wa mawingu miche yako ya parachichi hulala salama. Usiku wa nyota unaamka bonde zima ni jeupe kwa jalidi. Wingu ni blanketi. Likiondoka, ardhi inaachia joto lake lipae, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, inateremka na kutuama bondeni kama maji. Si ndiyo sababu ulipandisha parachichi mlimani, kule chini ukawaachia ng'ombe?

Tofauti ni kwamba kwetu jalidi inakuja kwa zamu yake, Juni na Julai, na watu wameshakata nyasi za kufunikia miche. Hapa inakuja baada ya miti kudanganywa. Mti wa pichi au wa tufaha hulala majira ya baridi, na ukishapata baridi yake ya kutosha unaanza kuhesabu joto. Machi ikiwa ya kawaida unaamka taratibu. Machi ikiwa na joto, kama mwaka huu, unachanua mapema ukidhani mambo yamekwisha. Mimi lawama zangu zote ni kwa Machi. Aprili inafanya tu ilichozoea.

Wazee wa hapa mpaka leo wanataja Pasaka ya 2007. Machi ilikuwa na joto kupita kiasi, kisha mwanzoni mwa Aprili baridi ikashuka siku kadhaa mfululizo, ikaunguza ngano, pichi, matufaha, hata majani ya miti ya porini. Hasara ilihesabiwa kwa mabilioni ya dola. Mwaka 2012 ikawa zamu ya Michigan, kaskazini yetu: Machi ilifika nyuzi 27 na zaidi, Aprili ikaganda usiku baada ya usiku, na mavuno ya matufaha ya jimbo zima yakabaki kama sehemu moja ya kumi.

Sasa shambani ninakofanya kazi pichi zimechanua zote, na matufaha yana vichomozo vya rangi ya waridi. Ua la pichi likikaa nusu saa kwenye nyuzi 2.8 chini ya sifuri, unapoteza kama moja kati ya kumi. Kwenye 4.4 chini ya sifuri unapoteza tisa. Umeona? Nyuzi zisizofika hata mbili ndizo zinazotenganisha mavuno na mkopo wa benki. (Wao wanapima kwa Fahrenheit, kuganda ni 32. Miaka minne nipo hapa, bado napiga hesabu vidole vikiwa mfukoni.) Hiyo moja kati ya kumi haimliizi mtu, maana mti huzaa maua mengi kuliko matunda unayoweza kubeba, na Mei huwa tunapandisha ngazi kuyapunguza kwa mkono. Bosi husema jalidi ni kibarua mzuri asiyejua saa ya kuacha kazi.

Kwa hiyo mvua ya Jumatano tunaipokea kwa mikono miwili, ingawa nyuki hawatatoka kwenye mizinga. Udongo uliolowa hushika joto la mchana zaidi ya udongo mkavu, na kulitoa usiku polepole. Leo tumekata majani chini ya miti yakabaki mafupi kabisa, jua liipate ardhi. Na kuna feni moja kubwa juu ya mlingoti, inavuta hewa ya juu, ambayo usiku kama huo ina joto kidogo, na kuishusha kwenye maua. Mlio wake ni wa helikopta. Lakini inasaidia upepo ukiwa umelala. Baridi ikija na upepo wake, hakuna hewa ya joto ya kushushwa, unachoma mafuta bure.

Mimi zamu yangu ni saa nane usiku hadi jua lichomoze. Saa mbaya kuliko zote ni kumi na moja na nusu, pale unapodhani umeshapona.

Ramani ya utabiri wa wiki ya pili nayo imekaa rangi ya bluu upande wetu, yaani uwezekano wa joto chini ya wastani, na kijani kwenye ile ya mvua, yaani mvua juu ya wastani. Inanikumbusha redio yetu na "mvua za wastani hadi juu ya wastani", Baba akiuliza wastani ni kidumu au ni pipa. Kinachonichekesha ni kwamba Januari, baridi ikiwa kali mara tano ya hii, onyo la jalidi halitolewi. Hakuna kilichochipua, halina wa kumwonya.

Mwaka jana nilijifanya mjuaji. Aprili ilikuwa tamu, nikapanda nyanya kumi na mbili nyuma ya nyumba. Jirani yangu, bibi wa miaka themanini na kitu, aliniangalia kwenye uzio akasema hapa hupandi mpaka Derby ipite, yaani mbio za farasi za Jumamosi ya kwanza ya Mei, zinazokimbiwa mjini hapa tangu 1875. Akanitajia vipupwe vidogo vya majira haya kwa majina ya mimea inayochanua wiki hizo: cha redbud, cha dogwood, cha blackberry. Nikaitikia kwa adabu, nikaendelea kumwagilia. Siku tisa baadaye nyanya zilikuwa nyeusi, zimelegea kama mchicha uliochemshwa. Bibi hakusema neno. Aliniletea miche sita, Mei.

Niambie viazi vimetokaje, na kama mvua zimeanza kukatika huko. Shikamoo yangu imfikie Mama. Mwambie mbegu zake ziko kwenye kopo juu ya friji, zinangoja farasi wakimbie.

Wako,
Tuntufye