Risala ya kikundi chetu kwa Mgeni Rasmi siku ya kuanzisha mtandao wa afya wa vijiji vitano, wilaya ya Chamwino

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mtendaji wetu wa Kata, wenyeviti wa vijiji, mganga mfawidhi wa zahanati yetu, viongozi wa dini, mama zetu na baba zetu mliokaa hapo chini ya mbuyu, Mbukwenyi!

Mheshimiwa karibu sana, tunajua barabara umeiona mwenyewe, sasa hivi ni kiangazi ndo maana gari limefika mpaka hapa, ungekuja Februari ungeishia ng'ambo ya korongo ukatupungia mkono tu.

Na ni hilo hilo korongo limetufanya tuwe na shughuli ya leo. Masika iliyopita dada yetu mmoja, mimba ya nne, alijifungua salama pale zahanati kama saa mbili usiku, mtoto mzima kabisa, alafu damu ikawa haikati. Nesi alikuwa peke yake zamu, akafanya yote aliyofundishwa, akasema huyu apelekwe hospitali sasa hivi, na mama anayetoka damu namna ile masaa mawili tu yanatosha kumuondoa. Tukapiga simu bodaboda watatu, wawili hawapatikani, wa tatu akaja tenki limekauka, tukaanza kuchanga elfu mbili mbili gizani pale tununue petroli ya chupa kwa jirani. Tukampakia katikati, mama mkwe nyuma, tukawafunga na khanga wasianguke. Kufika korongoni maji kifuani. Tukakaa pale ukingoni na tochi za simu mpaka saa kumi alfajiri maji yalipopungua, na wakati huo hakuna tena haja ya haraka.

Siku ya msiba akaja baba mmoja wa kijiji cha ng'ambo, ana pikapu ya kubebea alizeti, akasimama mbele yetu akasema, "Jamani mimi nilikuwa nyumbani nimelala, hapo juu tu, kwa nini hamkunipigia?" Kwakweli hatukuwa na cha kumjibu. Vijana wetu wanaojua kuogelea wangembeba na machela, pikapu ikampokea upande wa pili. Hatukuwa na namba yake. Na namba ya m-mama, ule mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito, 115, ambayo ni bure kabisa na ipo kwa ajili ya mama kama yule, usiku ule hakuna hata mmoja wetu aliyeikumbuka.

Mheshimiwa, hatusemi serikali haijafanya. Nchi yetu vifo vya wajawazito vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai laki moja kwenye utafiti wa 2015/16, wa 2022 ukaonyesha 104, hiyo siyo kazi ndogo na tunashukuru. Hapa mkoani kwetu Benjamin Mkapa wanapandikiza figo, Mvumi ipo hospitali ya misheni inayohudumia watu wa Ugogo miaka na miaka, zahanati tunayo, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo, bima ya afya ipo. Vyote vipo, ila kila kimoja kimekaa kivyake, mwenye gari hamjui nesi, nesi hamjui bodaboda, na hospitali ikishamruhusu mgonjwa huku nyuma zahanati haijui alipewa nini wala arudi lini. Hiyo ndo shida yetu kubwa na ndo tunataka kuimaliza.

Tumeanza na daftari, hili hapa Mheshimiwa, counter book ya elfu tatu. Kila kijiji kimeandika madereva wawili, na kwenye korongo tumehakikisha kuna wa huku na wa kule, wamekubali kuamshwa saa yoyote na simu zao wanalala nazo zimewaka. Kila kaya inachanga 1,000 kwa mwezi, VICOBA ya akina mama, kile kikundi chao cha kuweka na kukopa, ndo inashika hela, mafuta yanalipwa kabla dereva hajawasha pikipiki ili tusirudie tena mambo ya kuchanga gizani. Mhudumu wa jamii ana orodha ya wajawazito wote na miezi yao, na wale watakaojifungua kati ya Desemba na Aprili tunawashawishi mapema wakakae kwa ndugu karibu na hospitali kabla maji hayajajaa. Namba 115 imeandikwa kwa chokaa ukutani, kwenye mashine ya kusaga, dukani, msikitini na kanisani.

Wakunga wa jadi nao tumewaingiza. Kwenye kikao kuna waliokataa kata kata, lakini sisi tunasema bora wawe ndani, sababu bibi ndo anaitwa wa kwanza uchungu ukianza, tumekubaliana naye kazi yake sasa ni kumsindikiza mama mpaka zahanati, siyo kumzalisha nyumbani.

Sasa Mheshimiwa yaliyotushinda ndo tunakuletea. La kwanza na kubwa ni korongo, tunaomba utusemee TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, waje walione, hata kivuko cha zege tu cha kupitisha pikipiki na machela. Pia utukutanishe mezani na hospitali, tukubaliane mgonjwa wetu akiruhusiwa karatasi yake au simu ifike kwa mganga mfawidhi. Sola ya zahanati betri zimechoka, friji likizima usiku chanjo na dawa ya kuzuia damu zinaharibika. Na vijana wetu wa bodaboda wameunda kikundi, wanaomba wasaidiwe kufuatilia ule mkopo wa halmashauri wa asilimia 10 ya mapato yake, unaotolewa kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, wapate bajaji moja ya kubebea wagonjwa, walau mgonjwa alale chali.

Mheshimiwa, ukurasa wa kwanza wa daftari tumeuacha wazi, tunaomba uandike jina lako na namba unayopokea usiku. Baba mwenye pikapu ameandikwa ukurasa wa pili, na yupo hapa leo.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu kwa niaba ya kikundi.