Kumbukumbu za walowezi zisomwe pamoja na ushahidi wa wenyeji

Mhariri,

Wapo wasomaji wenzangu wanaotaka vitabu vya kumbukumbu za walowezi wa kwanza wa Kenya viondolewe maktabani kwa kuwa vinawatukuza walionyakua ardhi. Uchungu wao ninauelewa, lakini naona wanataka kuchoma ushahidi ulioandikwa na mshtakiwa kwa mkono wake mwenyewe.

Karen Blixen kutoka Denmaki, aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong tangu mwaka 1914 hadi shamba lilipomshinda akaondoka mwaka 1931, anaeleza bila kuficha kwamba katika ekari zake 6,000, ekari 1,000 hivi zilikuwa za maskwota wa Kikuyu, ambao walipaswa kumfanyia kazi siku 180 kwa mwaka ndipo waruhusiwe kuishi na kulima hapo. Kisha anakiri kwamba wengi wao walizaliwa papo hapo, na baba zao kabla yao, na kwamba huenda machoni pao yeye ndiye aliyekuwa skwota, ila tu wa daraja la juu. Sijamsikia mwanasiasa wetu yeyote akiieleza hoja ya ardhi kwa uwazi kiasi hicho, na hapa msemaji ni mwenye hati ya shamba.

Lord Delamere, mlowezi kutoka Uingereza, naye alipewa ekari 100,000 huko Njoro mwaka 1903, kwa mkataba wa miaka 99, na kondoo wake wakafa kwa wingi kwa sababu nyasi za huko zilipungukiwa na madini. Walowezi husimulia kisa hicho kama mkosi wa shujaa. Hata hivyo, Wamaasai walikuwa wakiyaepuka malisho hayo tangu zamani, jambo linaloonyesha jinsi walivyoijua nchi ambayo mkataba wao na Waingereza wa 1904 uliwahamisha kutoka sehemu zake zilizo bora, kabla ya ule wa 1911 kuwaondoa Laikipia pia.

Kasoro ya vitabu hivi ni yale visiyoyasema. Mpishi, mchunga mifugo na yaya wamejaa kurasani, lakini ni nadra kuwasikia wakizungumzia mshahara wao, au kipande, yaani kitambulisho cha kazi, ambacho wanaume walilazimika kukivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati.

Pengo hilo linaweza kuzibwa. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, ilichapisha pia majuzuu ya ushahidi, yakiwemo maelezo ya wazee wa mbari (koo) za Wakikuyu kuhusu mipaka na mashamba yao. Ni kweli kwamba maneno yao yalipitia kwa wakalimani na mbele ya makamishna waliokuwa na misimamo yao, kwa hiyo nayo yasomwe kwa uangalifu.

Ombi langu ni kwamba gazeti lenu litenge nafasi kila wiki kuchapisha dondoo za ushahidi huo kwa Kiswahili, sambamba na maelezo ya walowezi wa eneo lile lile. Mnaweza kuanzia Ngong, kwa kuwa hata Kamante Gatura, aliyekuwa mpishi wa Blixen, aliacha kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1975.

Msomaji wenu,
Nakuru