Mwacheni mtoto alegeze mikono

Ndugu Mhariri,

Kamwene. Nakuandikia kutoka Kinyanambo, Mafinga, gazeti lako la wiki iliyopita likiwa mbele yangu juu ya meza ya kazi, limeshaingia vumbi la mbao. Kwenye ukurasa wa michezo mlitoa makala kuhusu besiboli, ule mchezo wa kuupiga kwa kigongo mpira unaorushwa na mpinzani, kwa vijana wa Nyanda za Juu Kusini. Nilifurahi mno, maana ukurasa ule kwa kawaida ni Simba na Yanga mwanzo hadi mwisho. Mwandishi wenu alitusifu pia. Alisema watoto wa huku wamekulia kwenye jembe na shoka, wana mikono ya chuma, na kwamba katika besiboli pigo lote ni mikono, kwa hiyo walimu wawakazanie watoto mikono tu.

Sifa tumezipokea. Ushauri ndio siukubali, na naomba nafasi ya kueleza, kwa sababu Jumatatu iliyofuata niliyaona matokeo yake. Mwalimu mmoja wa michezo aliwapanga watoto uwanjani, akawa anapita nyuma yao akisema, "Kaza mikono! Kaza!" Mjukuu wangu wa kidato cha pili alirudi jioni viganja vimemvimba. Akaniambia, "Babu, leo kigongo kilikuwa kizito kama nguzo ya umeme." Kigongo chenyewe ni kilekile nilichomkerezea mimi, ambacho wiki moja kabla alikuwa anakipunga mpaka kinavuma.

Mimi ni seremala, huu mwaka wa 31. Kwenye besiboli niliingilia mlango wa karakana. Kijana wa Kijapani aliyekuwa anajitolea kwenye sekondari moja ya huku aliniletea kigongo kilichopasuka mpini, akauliza kama naweza kumkerezea kingine. Cha kwanza nilikitoa kwenye paini, kikakatika siku hiyohiyo. Cha pili nilikitoa kwenye mlingoti ambao haujakauka vizuri, kikajipinda kama upinde. Cha tatu nilikata mlingoti wa shinani, nikauacha kivulini miezi 8 ndipo nikaupandisha kwenye mashine, na hicho kikadumu. Alipokuja kukichukua alinipa nikishike kwanza. Nikakishika kama shoka, nimekifumbata katikati ya kiganja. Yule kijana hakusema neno. Alinifungua vidole kimoja kimoja, akaushusha mpini kutoka kiganjani mpaka kwenye mashina ya vidole, akanionyesha kwamba vile vifundo vya kubishia hodi vya mkono wa juu vinapaswa kukaa karibu mstari mmoja na vya mkono wa chini. Kisha akanigusa misuli ya mkono chini ya kiwiko, akasema kwa Kiswahili chake: "Hapa pasilale, pasikaze."

Nimeshika nyundo, tezo na randa maisha yangu yote, na lile neno nilikuwa nalijua bila kujua kwamba nalijua. Fundi anayekaba nyundo, ikifika saa nne asubuhi mkono umekufa ganzi na misumari inapinda. Anayeishika kwa vidole anafika jioni. Misuli iliyokazwa haiendi haraka, kwa sababu ule wa kukunja na ule wa kunyoosha vyote vinavutana kwa wakati mmoja. Ukimwambia mtoto akaze mikono, umemfunga breki kabla gari halijaondoka.

Sasa nije kwenye shoka, maana hapo ndipo mwandishi wenu alipojikwaa. Ni kweli mtoto wa Mufindi anayepasua kuni ana nguvu. Lakini tazama mikono yake inavyofanya kazi. Mmoja uko mwishoni mwa mpini, mwingine uko juu karibu na chuma, na shoka likishuka ule wa juu unateleza kuufuata wa chini. Kigogo kimetulia chini kinamsubiri, na uzito wa shoka wenyewe unasaidia kwenda chini. Kwenye kigongo mikono miwili imeshikana tangu mwanzo, hakuna kuteleza, kigongo kinakwenda karibu sawa na ardhi, na kinachopigwa kinakuja mbio. Mtoto akileta mazoea ya shoka uwanjani, mikono yake inatangulia kwenda mbali na kifua, kigongo kinachora duara kubwa, na mpira umeshapita. Funga jiwe kwenye kamba ulizungushe: ukiivuta kamba iwe fupi, jiwe linazunguka upesi. Ndiyo sababu mikono ya mpigaji hukaa karibu na mwili, inapita karibu na mbavu, ikanyooka mwishoni kabisa.

Kuna kitu kimoja cha shoka ningependa watoto wakibebe, nacho hakiko mikononi. Mpasuaji hodari anaanzia miguuni. Anakanyaga, kiuno kinageuka, mabega yanafuata, mikono inakuja nyuma ya vyote. Pigo la besiboli linajengwa hivyohivyo. Mguu wa mbele ukishatua, nyonga zinafunguka, zinakivuta kiwiliwili, mabega yanavutwa na kiwiliwili, na mikono ndiyo ya mwisho kwenye foleni. Inapokea mwendo ambao umeshatengenezwa chini. Mfano mzuri ni mjeledi wa wachunga ng'ombe wa Usangu. Mpini unasogea kidogo tu, halafu ncha inalia. Ted Williams, mpigaji maarufu wa Marekani ambaye mwaka 1941 alipata mapigo salama, yaani ya kufaulu, 185 katika majaribio 456, alisisitiza maisha yake yote kwamba nyonga zitangulie na mikono ifuate. Huyo si mtu wa kupuuzwa.

Najua atakayenijibu atamtaja Hank Aaron, mpigaji mwingine wa Marekani, na ana haki ya kumtaja. Aaron ndiye aliyeipita rekodi ya Babe Ruth ya mapigo 714 ya kutoa mpira nje ya uwanja, tarehe 8 Aprili 1974, akamaliza na 755, na kila aliyemwona alizungumzia vifundo vya mikono yake, pale kiganja kinapoungana na mkono. Utotoni kule Mobile, Alabama, alikuwa hata anashika kigongo mikono imepishana, wa kushoto juu, ingawa alipigia upande wa kulia. Lakini tujiulize vifundo vile vilimpa nini. Mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, anasimama mita 18.44 kutoka kwake. Mpira wa kilomita 145 kwa saa unafika baada ya kama sekunde 0.4. Kuzungusha kigongo kunachukua karibu sekunde 0.15. Kwa hiyo mpigaji ana robo ya sekunde tu ya kuona, kuamua na kuanza. Mwenye mikono myepesi anaweza kuchelewa kuanza, na anayechelewa kuanza ameuona mpira kwa muda mrefu zaidi. Mimi naamini Aaron alinunua muda kwa vifundo vyake. Mikono iliyokabwa haiwezi kununua muda huo, hata iwe na nguvu ya kubeba gunia la viazi kila upande.

Kuna jambo lililonishangaza kuliko yote, na nilipoambiwa mara ya kwanza nilikataa. Robert Adair, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Yale, aliandika kwamba wakati mpira unagusana na kigongo, mikono haina cha kuongeza. Mgusano wenyewe unadumu kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mtikisiko unaotoka pale mpira ulipogonga haujawahi kufika kwenye vidole na kurudi kabla mpira haujaondoka. Maana yake, kwa hesabu ya pigo, kigongo kiko peke yake hewani. Kazi ya mikono imeshaisha. Nilijaribu nyuma ya karakana. Nilisimamisha bomba la plastiki la maji, nikaweka mpira juu yake, nikamwambia mjukuu apige mara kumi akikaba kwa nguvu zote kisha mara kumi kwa kushika kwa vidole tu. Tukawa tunachomeka vijiti mpira unapoangukia. Vijiti vya kushika kwa vidole vilikwenda mbali zaidi, na vilikaa karibu karibu. Vya kukaba vilitawanyika, vingine havikufika hata kwenye rundo la mabanzi. Hii siyo maabara, nakiri, ila mtoto aliona mwenyewe, na toka siku hiyo sikumweleza tena.

Kwa hiyo mikono haina kazi? Ina kazi kubwa sana, na ndiyo maana naiandikia barua. Nguvu inatoka chini, lakini mikono ndiyo inayoipeleka mahali. Inachagua njia ya kigongo kulingana na mpira, wa juu au wa chini, wa karibu na mwili au wa mbali. Inajua hata upande wa mti. Kigongo cha mti wa ash wanaoutumia Marekani kinapigia ule upande ambao nyuzi zimebanana kingo kwa kingo, na chapa huwekwa upande mwingine ili mshikaji aielekeze juu au chini. Akikosea, kigongo kinapasuka. Na mgusano unapotokea, kwa anayepigia upande wa kulia, mkono wa kulia ulio juu kiganja kinatazama mbinguni kama cha mtu anayepokea, wa kushoto ulio chini kiganja kinatazama ardhi. Vifundo vinageuka baada ya hapo. Mtoto aliyeambiwa "piga kwa mikono" anavigeuza mapema, kigongo kinaupanda mpira, nao unakwenda kubiringika kwenye nyasi miguuni pa mrushaji. Nimeliona hilo kosa mara nyingi kuliko jingine lolote, na kila mara mwalimu analitafsiri kuwa ni udhaifu, anaongeza pushapu.

Yule kijana wa Kijapani alinisimulia habari za Sadaharu Oh, aliyepiga mapigo 868 ya kutoa mpira nje katika ligi ya kwao. Kocha wake Hiroshi Arakawa alimfanyisha mazoezi ya upanga: karatasi inaning'inizwa kwa uzi, nawe uikate. Ukitumia nguvu ya mikono, karatasi inapepea inakukwepa. Mwili ukitulia na ukali wa upanga ukapita njia iliyonyooka, inakatika. Nilijaribu kwa panga langu nililolinoa asubuhi nzima, na karatasi ilikuwa ukurasa wa kalenda ya mwaka uliopita. Ilinichukua siku nne kuikata mara ya kwanza. Mhariri, ukitaka kujua tofauti ya nguvu na mwendo, ning'iniza karatasi ofisini kwako.

Niseme na kuhusu kuumia, kwa sababu hapa watoto ndio wanalipa. Kwenye kiganja, upande wa kidole cha mwisho, kuna kimfupa chenye kindoano. Mwisho wa mpini wa kigongo, pale penye kitufe, ndipo panapokiegemea kimfupa hicho kwenye mkono wa chini. Wachezaji wakubwa wa Marekani wanakivunja, wanapasuliwa, wanakaa nje ya uwanja wiki kadhaa. Kwa kukaba, kitufe kinazama zaidi kiganjani. Vigongo vyangu vya mwanzo nilivikereza kitufe chenye kingo kali, na kosa hilo ni langu. Siku hizi navizungusha mpaka vinakuwa laini kama yai, na naangalia viganja vya kila mtoto kabla ya kumkabidhi. Halafu kuna baridi yetu. Mwezi wa sita na wa saba, ukungu wa Mafinga haujapanda, mtoto akigonga mpira karibu na mpini au kwenye ncha, kigongo kinatetemeka na mkono unauma kama umeng'atwa na nyigu. Cha alumini ni kibaya zaidi. Mtoto aliyeumia hivyo anakaza zaidi pigo linalofuata kwa woga, bila hata kuambiwa. Hapo mwalimu anatakiwa kumwambia alegeze, amtembeze, wapashe mikono moto. Mwalimu wetu anamwambia akaze.

Sina ugomvi na mwalimu huyo. Anatoa Jumamosi zake bure, na watoto wanampenda. Jumatano nilimfuata nyumbani kwake, tukakaa barazani, nikamweleza yote haya taratibu kama nilivyokueleza. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akainuka, akaleta gazeti lako lililokunjwa vizuri, akaniambia, "Shikamoo yako naipa, mzee wangu, lakini hii imeandikwa." Siwezi kumlaumu, kwa huku kwetu kilichochapishwa kina uzito kuliko maneno ya fundi mbao.

Ndiyo sababu naandika kwako badala ya kuendelea kubishana naye. Naomba masahihisho yatoke, na yatoke kwenye ukurasa uleule wa michezo, kwa herufi za ukubwa uleule, maana ule ukurasa ameshaukata na kuubandika ukutani kwenye chumba wanachobadilishia nguo watoto, karibu na mlango, wanausoma kila wanapotoka kwenda uwanjani.

Wako,
Fundi seremala,
Kinyanambo, Mafinga, Iringa