Maiti aliiosha nani?

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku. Hatujambo, ila mvua imetufungia ndani siku ya tatu leo, ndiyo maana nimepata wasaa wa kukuandikia.

Ulinicheka kwenye simu niliposema naandika hadithi ya sista mpelelezi wa Uingereza ya kale. Eti, "Mtu yumo ndani ya kuta, atamkamata nani?" Sikuwa na jibu. Sasa ninalo.

Kweli, mwaka 1298 Papa Boniface VIII aliamuru masista wasitoke utawani. Lakini wageni waliingia na kulala, na mambo yao wakaja nayo. Polisi hawakuwapo. Ukikuta maiti unapiga yowe, majirani wanatoka mbio, kisha anakuja ofisa wa mfalme, cheo kilichoanza mwaka 1194, anaikagua na kuwaapisha wanaume wa pale. Mali ya muuaji ilikuwa ya mfalme, kwa hiyo huyo bwana, nadhani, aliwatazama ng'ombe kabla ya jeraha.

Sasa sikia kisa cha kweli. Mwaka 1318, nje kidogo ya York, Joan wa Leeds, sista wa utawa wa Mtakatifu Clement, alijitia mgonjwa, kisha akajitia kufa. Likatengenezwa sanamu mfano wa mwili wake, likazikwa makaburini mwa masista, kumbe mwenyewe yuko zake nje! Barua ya Askofu Mkuu William Melton ya kutaka arudishwe imo hadi leo katika daftari lake.

Askofu analaani tamaa za mwili. Sista wangu anauliza moja tu, ambalo hata bibi yako angeuliza: maiti aliiosha nani? Aliyeshika kiwiko akakuta majani makavu, mbona hakupiga kelele? Na barua yenyewe inasema Joan alisaidiwa na wengi.

Basi nimekwama hapo. Wahusika anawajua, na kila siku anakula nao meza moja, kimya, wakiombana chumvi kwa ishara za vidole. Wewe uliyelala bweni la masista miaka minne, hebu niambie: mezani pasiposemwa neno, anayeficha jambo mlimjuaje? Nijibu kabla ya Ijumaa, nimemwacha ameshika kijiko.

Ni mimi shoga yako.