Risala ya Chama cha Fizikia kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, assalaam aleykum na hamjambo.

Karibu shuleni kwetu, karibu Mombasa. Muhula huu tumejiuliza swali moja: mwanga mkali ukiingia ndani ya molekuli, hutoka vipi?

Jibu tulilianzia kwenye spika za harusi, kwani wengi wetu tumekulia Mji wa Kale. Spika ikifunguliwa kwa kiasi, hutoa sauti ileile iliyoimbwa. Ikifunguliwa mpaka mwisho, huongeza sauti za juu ambazo mwimbaji hakuziimba. Elektroni zilizomo ndani ya molekuli nazo ni vivyo hivyo. Mwanga hafifu huzitikisa, zikaurudisha kwa rangi ileile. Leza huzitikisa hadi zikazaa rangi mpya. Mwaka 1961 Peter Franken na wenzake, huko Michigan, walipitisha leza nyekundu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 694, ndani ya fuwele ya kwatzi, wakapata urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, wa nanomita 347. Wimbi limekatwa nusu!

Hesabu ya nguvu ambayo molekuli huzaa rangi hiyo mpya ndiyo iliyotutoa jasho. Nadharia ya kwanta inataka ujumlishe mchango wa kila kiwango cha nishati cha molekuli, na viwango hivyo havina mwisho. Mwalimu wetu akatuonyesha njia ya mkato: shika viwili tu, cha chini kabisa na kimoja cha juu yake. Kwa molekuli kama paranitroanilini, ambayo ncha moja hutoa elektroni na ya pili huzivuta, viwili hivyo hukufikisha karibu na jibu. Lakini lililotufurahisha zaidi ni la mwanafizikia Mark Kuzyk, mwaka 2000. Viwango havijiendei ovyo. Jumla ya nguvu zao za kupokea mwanga imefungwa na idadi ya elektroni. Ukiijua idadi hiyo, na pengo la kwanza la nishati, nadharia inakupa kikomo cha uwezo wa molekuli yoyote kuzaa rangi mpya. Tulikikokotoa kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na siku hiyo hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Mheshimiwa, hesabu tunayo, kuona hatujaona. Maabara yetu haina leza ya kijani, ile ambayo fuwele yake hugeuza mwanga usioonekana wa nanomita 1064 kuwa 532, wala miwani ya kukinga macho. Tunakuomba utusaidie kupata leza moja na miwani ya kututosha, kabla Kidato cha Nne hawajaingia kwenye mtihani.

Tunaomba kuwasilisha.