Kabla hujamlipa mtu akushikie hesabu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama wakati umefika wa kumlipa mtu akuandikie hesabu, na kama ulipie ile programu ya ankara. Usiamue bado. Kwa wiki 2 weka daftari mkononi, uandike kila ufanyacho kwa vipande vya nusu saa: kuhudumia wateja, kununua bidhaa, kujibu meseji, kupanga risiti, kudai madeni. Andika papo hapo. Ukingoja jioni utaandika unavyodhani, na vijikazi vinavyomeza siku ndivyo utakavyovisahau.

Kisha gawa faida ya mwezi kwa saa zote ulizofanya kazi. Utajua saa yako ina thamani gani. Tuseme hesabu zinakula saa 6 kwa wiki. Hata ukimpa mtu, saa 1 itabaki kwako ya kumkabidhi risiti na kukagua alichoandika, kwa hiyo unaokoa 5. Linganisha malipo yake na thamani ya hizo 5. Wengi huteleza hapa: saa zilizookolewa haziingizi kitu kama hakuna kazi ya kulipwa inayozisubiri. Bila kazi hiyo umejiongezea gharama tu, labda uwe unazitaka ili ulale, na usingizi wako nao siudharau.

Ukiamua kutafuta mtu, eleza kazi kwa maandishi, ukurasa mmoja: nini kifanyike, mara ngapi, ikabidhiwe lini. Wape watu 3 ukurasa uleule. Ukiwaeleza kwa mdomo kila mmoja atakadiria kazi kama alivyoielewa yeye, na bei zao hazitalinganishika. Mwenye bei ya chini kabisa muulize nini hakimo. Mara nyingi ni marekebisho baada ya makabidhiano. Lipa kwa awamu, na awamu ya mwisho itoke ukishakagua.

Anayeandika hesabu asiwe ndiye anayetoa fedha, hata awe mwaminifu kiasi gani. Mtu mmoja akishika vyote viwili, kosa au wizi hauna pa kuonekana. Malipo idhinisha mwenyewe, na kila mwezi linganisha daftari lake na taarifa ya benki, mstari kwa mstari.

Programu ijaribu kwa ankara zako halisi za mwezi mmoja, kisha jaribu kuzitoa humo. Kama orodha ya wateja haitoki kwenye faili unayoweza kuifungua kwingine, iache, kwa sababu siku ukitaka kuhama utaanza upya. Mwanzoni lipia mwezi kwa mwezi hata kama malipo ya mwaka yana punguzo. Akaunti zote ziwe kwa jina lako. Fundi anayekusaidia na programu mpe njia yake ya kuingia ambayo unaweza kuifunga.

Kuhusu muda, meseji zipangie nyakati 2 kwa siku, na wateja waambie nyakati hizo. Kazi inayohitaji akili iweke saa unazokuwa na nguvu. Siku ya saa 8 usiijaze zaidi ya 6, maana dharura hazikosi. Ankara itoke siku ileile kazi inapokabidhiwa. Ikichelewa wiki, na malipo yanachelewa wiki.

Ukipata rasimu ya mkataba, nitumie kabla hujasaini. Nataka tusome pamoja kifungu cha kuvunja mkataba: notisi ni ya siku ngapi, na nani anabaki na kumbukumbu zako.

Mama yako