Mwanangu, hii ndiyo sababu sikuja kukulea uzazi

Mwanangu,

Salamu nyingi, na mjukuu wangu umbusu kwa niaba yangu.

Juzi kwenye simu ulisema watu wanakuuliza mama yako yuko wapi, nawe huna la kuwajibu. Maneno yale yamenikaa moyoni. Mama ndiye wa kumkanda bintiye na kumwogesha mtoto mpaka arobaini iishe. Sikuja, na sikukwambia ukweli.

Ukweli ni huu moyo. Tangu mwaka jana mapigo yake hayana mpangilio. Daktari anasema ni fibrilesheni ya atria: vyumba viwili vya juu vya moyo havijiminyi sawasawa, vinatetemeka tu. Nikijishika hapa chini ya kidole gumba, nasikia mapigo mawili ya haraka, kimya, moja, halafu matatu. Usiku mwingine nashtuka nikidhani mlango unagongwa, kumbe ni kifua changu.

Maumivu sina, ndiyo maana kueleza kunanishinda. Kinachonimaliza ni uchovu. Nakanda unga wa chapati, haujashikana bado mikono imelegea, nakaa kwenye kigoda nahema. Kesho yake naamka mzima, naenda sokoni, jirani ananiona najidekeza. Na hizo siku nzuri siziamini. Nashinda nikiusikiliza moyo. Kupanda basi naogopa, shughuli za watu nazikwepa. Ulipojifungua niliwaza: nikishikwa na kizunguzungu mtoto yuko mikononi, juu ya beseni la maji? Nikasingizia mvua.

Dawa natumia: ya kutuliza mapigo, na warfarini ya kuzuia damu kuganda, maana damu ikituama mle vyumbani huweza kuganda, na bonge likikimbilia ubongoni ndiyo kiharusi. Kliniki wananipima INR, yaani kipimo cha damu inavyochukua muda kuganda, wanataka iwe kati ya 2 na 3. Kisamvu sijaacha, ila nakula kiasi kilekile kila wiki, kwani mboga za majani hupunguza nguvu ya warfarini. Zile dawa za maumivu usininunulie tena, zikichanganyika na warfarini zinaweza kunitoa damu.

Haya sikumwambia mtu, hadi nesi mmoja aliponiuliza nalalaje, na mambo gani nimeyaacha. Nilipomtaja mjukuu nililia palepale.

Mwezi ujao vipimo vikikaa sawa nitakuja. Kwako ni ghorofa ya tatu, sivyo? Nihesabie ngazi, na uniwekee kiti katikati. Mtoto nitampakata nikiwa nimekaa.

Mama yako